Anwani tuli ya IP nyumbani: ni ipi unayoambiwa uweke, na iwekwe wapi?

Printa iliyokuwa ikichapa vizuri jana, leo kompyuta haiioni. Kamera ya getini haifunguki kwenye simu ingawa taa yake inawaka. Ukiulizia, jibu la kwanza utakalopata karibu kila mahali ni hili: "Weka static IP," yaani anwani tuli, isiyobadilika. Ushauri wenyewe si mbaya, ila umefupishwa mno, na wengi wanaoufuata hujikuta na tatizo jipya juu ya lile la awali. Mmoja hupiga simu kwa kampuni inayompa intaneti na kuishia kulipia huduma ambayo haitaigusa printa yake hata kidogo. Mwingine huingia kwenye mipangilio ya laptopu, akaandika namba kwa mkono, na kesho yake laptopu inakosa intaneti kila anakoipeleka. Wa tatu hufanikiwa kwa wiki kadhaa, kisha vifaa viwili vinaanza kukatikakatika kwa zamu bila sababu inayoonekana.

Wote watatu wameambiwa jambo lile lile. Tatizo ni kwamba anwani tuli ziko za aina tatu, na aliyewashauri hakusema ni ipi.

Kwanza, anwani yenyewe

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa ndani ya mtandao, ili data iliyotumwa kwa printa ifike kwa printa na isiende kwenye televisheni. Aina iliyozoeleka zaidi nyumbani, IPv4, huandikwa kwa sehemu nne zilizotenganishwa na nukta, mfano 192.168.1.23, na kila sehemu ni namba kati ya 0 na 255. Ukizidisha uwezekano wote unapata anwani 4,294,967,296. Kwa dunia ya leo hizo hazitoshi: akiba kuu iliyokuwa chini ya IANA, chombo kinachosimamia ugawaji wa anwani za intaneti duniani, iliisha Februari 2011.

Uhaba huo ulionekana ukija mapema. Mwaka 1996 waraka wa kiufundi uitwao RFC 1918 uliweka kando makundi matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani tu: zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Hizi hazisafiri kwenye intaneti ya umma. Ndiyo maana 192.168.1.23 inaweza kutumika kwenye nyumba nyingi mno kwa wakati mmoja na pasiwe na mgongano wowote. Kutoka nje, nyumba nzima huonekana kwa anwani moja ya umma ambayo mtoa huduma ameipa ruta yako, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani. Data inapotoka, ruta huvua anwani ya ndani na kuvisha ile ya umma, huku ikikumbuka nani aliomba nini, ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Kazi hiyo huitwa NAT.

Tukishaelewa kwamba kuna nje na ndani, zile aina tatu zinajitenga zenyewe. Ya kwanza ni anwani tuli ya umma. Hiyo huuzwa na mtoa huduma, hukaa kwenye ruta, na humfaa mtu anayetaka kufikiwa kutoka nje kwa namba isiyobadilika. Ya pili ni anwani ya ndani unayoiandika wewe mwenyewe kwenye mipangilio ya kifaa. Ya tatu ni anwani ya ndani unayoitenga kwenye ruta: kifaa kinaachwa kikiomba anwani kama kawaida, lakini ruta imeagizwa ikipe namba ile ile kila kikija.

Printa yako na kamera yako zinahusika na aina ya pili na ya tatu. Msimamo wangu, na nitauelezea, ni kwamba nyumbani karibu mara zote unachotaka ni ile ya tatu.

Ruta inagawaje anwani?

Kifaa kipya kinapojiunga na mtandao hakina anwani. Kuna utaratibu uitwao DHCP unaokipatia, na kwenye nyumba nyingi anayeufanya ni ruta. Chukua mfano wa nyumba ya wageni. Mgeni anafika mapokezi bila chumba, anauliza kama kipo cha wazi, anatajiwa namba, anaikubali, anakabidhiwa ufunguo pamoja na muda wa kukaa. DHCP hufanya hivyo hivyo kwa ujumbe wa mara nne. Kifaa hupaza sauti kwa mtandao mzima kwamba kinatafuta mgawaji; ruta hujibu kwa kupendekeza anwani; kifaa husema nimeikubali, nipe; ruta huthibitisha. Yote hayo huisha kabla hujamaliza kufungua skrini ya simu.

Mapokezi hayagawi vyumba vyote vya jengo. Yana fungu la vyumba vya kugawa, na ruta pia ina fungu la namba, kwa mfano kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Kumbuka fungu hili, maana ndilo litakaloamua kama mpango wako utasimama au utavurugika.

Muda wa kukaa nao una mantiki yake. Tuseme ruta imetoa anwani kwa saa 24. Kifaa hakingoji hadi saa ya mwisho. Ikifika nusu, yaani saa 12, kinaiomba ruta iongeze muda, na kwa kawaida inaongeza. Kikikosa jibu, huendelea kujaribu, na ikifika saa 21 huanza kumuuliza mgawaji yeyote atakayesikia. Kwa hiyo kifaa kinachowashwa wakati wote kinaweza kukaa na anwani ile ile miezi mingi bila wewe kugusa chochote, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba tayari wana anwani tuli.

Ukweli hujitokeza umeme ukikatika. Baadhi ya ruta huweka orodha ya waliopewa anwani kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimwa. Umeme ukirudi, ruta haimkumbuki mtu, na vifaa vyote vya nyumbani vinaamka kwa wakati mmoja vikiomba anwani. Simu na kompyuta nyingi hukumbuka namba zao za mwisho na kuziomba tena. Vifaa vingine vinaanza upya kabisa, na namba iliyokuwa ya kimoja inaweza kuangukia kwingine kilichowahi. Likizo ndefu huleta matokeo hayo hayo: printa imezimwa, muda wake umeisha, namba yake imepewa tableti ya mgeni.

Printa yenyewe haina ubaya wowote hapo. Imepata 192.168.1.131 na inafanya kazi. Lakini siku ulipoiunganisha, kompyuta iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba printa iko 192.168.1.123, na inaendelea kupeleka kurasa huko. Huko sasa hayupo mtu, au yupo mtu mwingine asiyejua kuchapa. Watu hufuta printa na kuiweka upya, inafanya kazi, wanaamini wametibu. Hadi umeme ukatike tena.

Njia mbili za kuifunga namba

Rudi kwenye mapokezi. Mgeni wa kudumu anaweza kuwaambia mapokezi: nikija, chumba changu ni hiki, msimpe mwingine. Mapokezi yanaandika kwenye daftari na mambo yanakwenda. Hiyo ndiyo kutenga anwani kwenye ruta. Mgeni mwingine anaweza kupita moja kwa moja, akaingia chumba anachokitaka bila kumwambia mtu. Hiyo ndiyo kuandika anwani kwa mkono kwenye kifaa. Kama chumba hicho hakimo kwenye fungu la kugawiwa, hakuna tatizo. Kama kimo, mapokezi hayajui kwamba kuna mtu ndani, na siku moja yatampa ufunguo mgeni mwingine.

Vifaa viwili vyenye anwani moja havizimiki papo hapo, na ndiyo sababu tatizo hili linachosha kulitafuta. Mtandao unapouliza "nani mwenye 192.168.1.123?", wote wawili hujibu, na data huenda kwa yule ambaye jibu lake limesikika mwisho. Dakika hii kamera inaonekana, dakika ijayo imepotea. Vifaa vingi vya kisasa hukagua kwanza kama namba inatumika kabla ya kuichukua, na Windows huonyesha onyo ikigundua mgongano, lakini usitegemee kila kamera au kila printa iwe na adabu hiyo.

Kuandika kwa mkono kuna uzito mwingine unaosahaulika: unaichukua kazi yote ya ruta. DHCP haitoi anwani peke yake. Hutoa pia barakoa ya mtandao, ambayo nyumbani huwa mara nyingi 255.255.255.0 na hukiambia kifaa ni akina nani wako ndani na akina nani wako nje. Hutoa lango, yaani anwani ya ruta ambako data ya kwenda nje hupitia. Na hutoa anwani ya DNS, anayegeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukiandika kwa mkono, vyote vinne ni vyako. Ukikosea lango, kifaa kitaongea na wenzake wa ndani vizuri kabisa lakini intaneti haipatikani. Ukikosea DNS, utaambiwa umeunganishwa na hakuna tovuti itakayofunguka kwa jina. Dalili hizi mbili zinafaa kukaa kichwani, maana zinaonyesha kosa liko sehemu gani bila kuhitaji fundi.

Kwa laptopu ndiyo mbaya zaidi. Namba uliyoiandika inafaa nyumbani kwako tu. Ukiipeleka mahali ambapo mtandao unatumia 10.0.0.x, laptopu itang'ang'ania 192.168.1.50 na kumtafuta lango asiyekuwepo. Ungekuwa umetenga kwenye ruta, laptopu ingeomba anwani ya huko kama wageni wengine na kurudi kwenye namba yake ikifika nyumbani.

Je, kuandika kwa mkono hakuna nafasi kabisa? Kuna. Baadhi ya ruta zinazotolewa na watoa huduma zimefungwa na hazina sehemu ya kutenga anwani. Ruta ya pili unayoitumia kusambaza Wi-Fi pia yafaa iwe na namba yake ya mkono ili uweze kuifungua wakati wowote. Na kifaa ambacho lazima kifanye kazi hata ugawaji wa anwani ukikwama, kama seva ya DNS ya nyumbani inayochuja matangazo, ni halali kukiandikia. Sharti ni moja tu: namba iwe nje ya fungu la kugawiwa. Ruta nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa kugawa karibu kila namba, kuanzia 2 hadi 254. Hapo punguza fungu kwanza, lianze 100 kwa mfano, ndipo uandike 192.168.1.20 kwa amani.

Namba ya maunzi, na mtego wake

Ili ruta imtambue mgeni wake wa kudumu inahitaji kitu kisichobadilika. Kitu hicho ni anwani ya MAC, utambulisho wa kadi ya mtandao ya kifaa, wenye herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbilimbili, kama 3C:52:A1:0B:7E:94. Nusu ya kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, kwa namba zinazotolewa na IEEE, shirika la wahandisi linalosimamia viwango vya kiufundi. Nusu ya pili humtofautisha kifaa na ndugu zake wa kiwanda kimoja. Unapotenga anwani, unaiambia ruta: ukiona MAC hii, toa IP hii.

Hapa kuna mambo mawili yanayowaangusha watu. La kwanza, MAC ni ya kadi, si ya kifaa kizima. Laptopu yenye tundu la kebo na Wi-Fi ina MAC mbili, na ukitenga kwa ile ya Wi-Fi kisha ukachomeka kebo, ruta itaiona kama mgeni ambaye haijapata kumwona.

La pili ni jipya kidogo. Ili wafanyabiashara na wadukuzi wasiweze kumfuatilia mtu kwa MAC ya simu yake kila anapopita, Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilianza kutumia MAC za kubuni kama hali ya kawaida, tofauti kwa kila mtandao. Ni kinga nzuri na siwashauri watu kuizima ovyo. Lakini simu ikibadilisha MAC yake ya kubuni, kwa mfano baada ya kuusahau mtandao na kujiunga upya au kurejeshwa hali ya kiwandani, kile ulichotenga kinaweza kubaki kikimngoja mtu asiyerudi. Namna ya kuitambua ni rahisi: tazama alama ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo haikutoka kiwandani, imebuniwa na programu. Katika mfano wa hapo juu alama ya pili ni C, kwa hiyo ni ya kiwandani. Kama kweli unahitaji simu iwe na anwani tuli, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa nyumbani peke yake, uiambie itumie MAC halisi, na uiache kinga ikifanya kazi kwingineko.

Kazi yenyewe

Unahitaji kuingia ndani ya ruta. Anwani yake mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, pamoja na jina na nenosiri la msimamizi, ambalo si lazima liwe sawa na nenosiri la Wi-Fi. Kibandiko kikiwa kimefutika, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ipconfig, ubonyeze kitufe cha kuingiza. Mstari ulioandikwa "Default Gateway" ndio anwani ya ruta. Iandike kwenye kivinjari, pale juu pa kuandikia anwani za tovuti, na ukurasa wa kuingia utatokea.

Ukishaingia, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kila kimoja kina jina, IP na MAC. Majina mengine hayasomeki, kwa hiyo ukiwa na shaka zima kifaa unachokitafuta, onyesha orodha upya, uone kipi kimetoweka au kimeandikwa hakipo. Ruta nyingine huchelewa kidogo kukiondoa. Printa na kamera nyingi huwa pia na MAC yao kwenye kibandiko, na hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Sehemu ya kutenga hukaa ndani ya mipangilio ya LAN, yaani mtandao wa ndani, au ya DHCP, na kila mtengenezaji ameipa jina lake: "Address Reservation", "Static Lease", "DHCP Binding", "Manual Assignment". Zote ni kitu kimoja. Weka MAC, weka namba unayotaka, hifadhi. Ruta nyingine hutaka namba iliyotengwa iwe ndani ya fungu la kugawiwa, nyingine hukubali iwe popote ndani ya mtandao. Ikikataa, jaribu upande wa pili. Haina hatari ya mgongano kama ile ya kuandika kwa mkono, kwa kuwa safari hii mapokezi yenyewe ndiyo yameandika daftarini. Chunga tu kwamba namba hiyo haijashikwa na kifaa kingine dakika hiyo, na usiguse namba ya mwanzo wala ya mwisho: katika mtandao wa 192.168.1.x, namba 0 ni ya kuutaja mtandao wenyewe na 255 ni ya kutangazia vifaa vyote. Namba ya ruta, ambayo mara nyingi ni 1, nayo imeshachukuliwa.

Wengi hufika hapa, wakahifadhi, wakaenda kuangalia printa, wakaikuta na namba ya zamani, wakadhani wamekosea. Hawajakosea. Printa bado ina muda wake wa kukaa na haina sababu ya kurudi mapokezi. Izime na kuiwasha, au ikate kwenye Wi-Fi na kuirudisha, nayo itaomba upya na kupewa namba yake. Kisha, na hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nenda kwenye kompyuta ukarekebishe anwani ya printa ilingane na hiyo mpya. Ukitaka kurahisisha, itengee printa namba ile ile ambayo kompyuta imeshaizoea.

Si kila kifaa kinastahili usumbufu huu. Kinachotembelewa na wengine ndicho kinachohitaji namba ya kudumu: printa, kamera na mashine yake ya kurekodi, diski ya mtandao ya kuhifadhia mafaili, seva ndogo ya nyumbani, mashine ya michezo uliyoifungulia milango kwenye ruta, yaani njia za kuifikia kutoka nje. Simu, tableti na televisheni kwa kawaida ndizo zinazokwenda kuwatembelea wengine, na hazina haja. Hata printa nyingi za sasa hutafutwa kwa jina linaloishia na .local badala ya namba. Kama yako imeunganishwa hivyo na haipotei, iache.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Kwamba anwani tuli huongeza kasi ya intaneti. Haiongezi. Kinachookolewa ni ile sehemu ndogo ya sekunde ya kuomba anwani wakati wa kujiunga, na kwenye njia ya kutenga hata hiyo haiokolewi. Kasi yako inategemea kifurushi, nguvu ya Wi-Fi na msongamano.

Kwamba ukiipa kamera anwani tuli ya ndani utaiona ukiwa safarini. Hapana, kwa sababu 192.168 haisafiri nje. Ili uifikie kutoka nje inabidi ruta iagizwe kwamba ombi likija kwenye mlango fulani lipelekwe kwa kamera, na agizo hilo ndilo linalohitaji kamera isihamehame. Hata hapo kuna kizuizi kingine. Watoa huduma wengi, kwa uhaba wa anwani, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Tazama kwenye ukurasa wa hali ya ruta, sehemu ya WAN, yaani upande wa nje: ukiona anwani kati ya 100.64 na 100.127, kundi lililotengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo, basi hata ufungue milango mingapi hakuna atakayeingia. Hapo ndipo anwani tuli ya umma ya kununua huwa na maana, au programu ya kamera inayopitia seva ya mtengenezaji.

Kwamba kutenga anwani kunawazuia wezi wa Wi-Fi. Hakuzuii. Kunasema nani apewe namba ipi, hakusemi nani aingie na nani asiingie, na MAC huigizwa kwa urahisi. Nenosiri imara la Wi-Fi ndilo linalofanya kazi hiyo. Kuna na hofu ya kinyume chake, kwamba namba isiyobadilika humrahisishia mdukuzi. Aliye nje haioni namba hiyo. Hatari inaanza unapofungua milango kwenye ruta kuelekea kamera yenye nenosiri la kiwandani, na hilo nalichukulia kwa uzito mkubwa: badilisha nenosiri kabla ya kufungua chochote.

Wengine huamini pia kwamba anwani inayoanza na 169.254 ni tuli kwa kuwa haikutoka kwenye ruta. Hiyo ni namba ambayo kifaa hujipa chenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Ukiiona, kagua kebo, Wi-Fi au ruta.

Ukiwa na ruta mbili

Hili nalitaja peke yake kwa sababu huwafanya watu waamini kwamba kutenga anwani hakufanyi kazi. Umenunua ruta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha mwisho. Ukiichomeka kwa tundu la kawaida la LAN na kuiacha ikigawa anwani, nyumba moja sasa ina mapokezi mawili, kila moja na daftari lake. Kifaa humsikiliza aliyejibu kwanza, na ulichotenga kwenye ruta ya kwanza hakijulikani kwa ya pili. Zima DHCP kwenye ruta ya pili, na uhakikishe anwani yake haifanani na ya kwanza.

Ukiichomeka kwa tundu la WAN, inajenga mtandao mwingine kabisa ndani ya ule wa kwanza, labda wa 192.168.0.x. Simu iliyo huko inaweza kuifikia printa iliyo kwa ruta ya kwanza ukiiandika namba yake, lakini ukitafuta kwa jina haitaonekana, na kifaa kilicho kwa ruta ya kwanza hakiwezi kumfikia aliye ndani ya ya pili. Ruta nyingi zina hali ya "Access Point" inayoziondolea ugawaji na kuziacha zisambaze Wi-Fi tu. Ichague hiyo, na vifaa vyote vitarudi kwenye daftari moja.

Siku ya kubadilisha ruta

Ulichotenga kinakaa ndani ya ruta, kwa hiyo kinaondoka nayo. Ruta nyingi hukuruhusu kuhifadhi mipangilio kama faili, lakini kwa kawaida faili hilo hukubaliwa na ruta ya muundo ule ule tu. Andika orodha mahali pengine: kifaa, MAC, namba. Mistari sita au saba inatosha nyumba nyingi.

Kabla ya kuanza kuiingiza upya, angalia ruta mpya inatumia mtandao gani. Ikiwa ya zamani ilikuwa 192.168.1.1 na mpya imekuja na 192.168.0.1, vifaa vinavyoomba anwani vitahamia bila shida, ila kila kompyuta itabidi ifundishwe printa iko wapi. Vile ulivyoviandikia kwa mkono vitabaki vikitafuta lango la zamani, na kamera isiyo na skrini hapo huwa kazi ya nusu siku. Ingia kwenye mipangilio ya LAN ya ruta mpya, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.1, iache ijiwashe upya, kisha uingize orodha yako kama ilivyo. Jina na nenosiri la Wi-Fi yakibaki yale yale, vifaa vitaendelea kana kwamba ruta haijabadilishwa.